Dawati la vitambulisho uwanjani kwa chifu, Mukuru: maoni ya mhudumu wa afya

Kama unaishi pande za Mukuru, hapa Nairobi, na una binti, shemeji, mpangaji au jirani ambaye hana kitambulisho, mpeleke kwenye dawati la usajili linalowekwa uwanjani kwa chifu kabla hujampeleka mjini. Nimewasindikiza wanawake wengi hapo na kwingine, na tofauti nimeiona. Dawati lenyewe lina kasoro, na moja ni kubwa kiasi kwamba nitaieleza kwa urefu, maana inawarudisha nyumbani wale wale wanaolihitaji zaidi. Hata hivyo nalipatia nyota nne kati ya tano, na ningeomba wasimamizi wake wasome mpaka mwisho.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nyumba zangu ni kama mia hivi, zile za mabati zilizobanana kati ya Barabara ya Lunga Lunga na Mto Ngong. Tangu tupewe mikoba na simu za kazi mwaka 2023, naingia humo kupima presha, kufuatilia chanjo na kuwahimiza wajawazito waende kliniki mapema. Vitambulisho havikuwa kazi yangu. Vilikuja kuwa kazi yangu Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, na sisi tukaambiwa tuwasaidie watu kujisajili. Unabonyeza *147#, na huendi mbali kabla ya kuulizwa nambari ya kitambulisho. Basi nyumba baada ya nyumba, baba anataja yake bila hata kuchungulia mfukoni, na mama anainama kupepeta mchele. Nikiuliza mbele ya watu, jibu ni kwamba kimepotea. Wengi walinifuata baadaye, tukiwa wawili, wakaniambia hawajawahi kuwa nacho. Mmoja wao ana watoto wanne.

Watu huniuliza imekuwaje mtu mzima akae Nairobi miaka yote hiyo bila kipande, yaani kitambulisho. Kijana wa kiume hapa kwetu husukumwa na kazi. Hapiti geti la kiwanda Enterprise Road bila kumwachia soja kitambulisho, halipwi vizuri kwenye mjengo bila hicho, na akikutana na askari usiku anajua atalala wapi. Akigonga miaka 18 anakitafuta kwa udi na uvumba. Lakini msichana aliyetolewa kijijini akiwa mdogo kuja kulea watoto wa watu Pipeline, au aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba, hana geti linalomwitisha chochote. Anafua, anasuka nywele, anauza mandazi. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la bwana, kwa hiyo M-Pesa nayo ni ya bwana. Hakopi Hustler Fund, ule mkopo wa serikali kwa simu, hapigi kura, na akina mama wa chama wakienda kufungua akaunti ya benki yeye hawezi kuwa mmoja wa watia sahihi. Nina mama mmoja ambaye akiba yake yote ya kufua ilikaa kwenye laini ya mumewe. Walipokosana mume aliondoka na laini yake, na mama hakuwa na pa kwenda kulalamika, kwa sababu kwenye rekodi pesa zile hazikuwa zake hata siku moja.

Huyo mama ndiye aliyenifanya nianze kufuatilia siku za usajili.

Siku yenyewe hutangazwa na wazee wa mtaa, kwa spika iliyofungwa kwenye boda boda na kwa karatasi zilizobandikwa kwenye vibanda vya maji na maduka ya M-Pesa. Maafisa hufika asubuhi wakiwa na hema, viti vya plastiki na mashine ya kuchukua picha na alama za vidole. Mzee wa mtaa huandika majina kwenye daftari kadiri watu wanavyofika, na wenye watoto wachanga, wajawazito na mashosho, yaani bibi wazee, hupitishwa mbele. Hilo linafuatwa kweli. Nilikuwa na mama aliyejifungua majuzi tu, na kabla jua halijawa kali alikuwa amemaliza na kurudi kumlaza mtoto wake.

Kinachonipendeza kuliko vyote ni kwamba chifu, naibu wake na wazee wa mtaa wako pale pale, meza moja. Kwa kawaida barua ya chifu ya kukutambulisha ni safari nyingine kabisa. Unaifuata leo, unaambiwa rudi kesho, na siku hizo zote mama anayelipwa kwa siku halipwi. Katika ofisi moja ya eneo jingine, ambayo siitaji, niliwahi kusimama na msichana mjamzito mpaka saa sita, tunaambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo. Kijana mmoja wa nje akatunong'oneza kiasi ambacho kingemfanya mwenye muhuri arudi upesi. Uwanjani hapa kwetu muhuri uko mezani, watu wote wanauona, na mzee anayekujua mlango wako anasema kwa sauti, huyu namjua, mama yake alikuwa akiuza samaki pale kwenye daraja. Hema lina watu wengi mno kwa mtu kunong'onezwa bei.

Pili ni lugha. Karani wa kike aliyekuwa kwenye mashine siku niliyowapeleka watu wangu wa kwanza alizungumza nao kama mtu anayezungumza na dada zake. "Keti, mama. Usiogope mashine. Hujasoma? Si neno, nitakuandikia, wewe niambie tu." Aliyekuwa akiandikiwa alikuja akitetemeka, kanga imevutwa mpaka karibu na macho. Alipoulizwa jina lake kamili alinyamaza kidogo, akataja jina ambalo mimi, niliyemtembelea miaka, sikuwahi kulisikia. Pale mtaani tunamwita kwa jina la kifungua mimba wake.

Kuhusu malipo niseme wazi, kwa sababu matapeli wanapita mtaani wakiuza uongo. Mnamo Machi 2024 serikali iliweka ada ya shilingi 300 kwa kitambulisho cha kwanza, na ya kubadilisha kilichopotea ikapanda kutoka 100 hadi 1,000. Mwaka 2025 ile ya kitambulisho cha kwanza ikaondolewa. Uwanjani hapa sijaona mtu akiitishwa hata shilingi kwa usajili wa mara ya kwanza. Utalipia fotokopi tu, na kijana wa saiba huwa ameweka mashine yake nje ya ukuta siku hiyo. Nampongeza kwa kutopandisha bei.

Lakini pesa si kizuizi kikubwa. Nasema hivi kwa sababu kila mara viongozi wakizungumzia wanawake na vitambulisho huzungumzia ada na umbali, na wakishaondoa ada na kuleta hema wanahesabu kazi imekwisha. Umbali wameupunguza, na nashukuru. Ada wameiondoa, na nashukuru pia. Kizuizi kilichobaki ni karatasi, tena karatasi za watu wengine.

Ukifika mezani unaitishwa cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho halisi cha mzazi pamoja na nakala yake. Mwenye navyo anamaliza haraka. Angalia sasa ni nani hana. Kuzaliwa kwa mtoto hutakiwa kusajiliwa ndani ya miezi sita. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, na unadaiwa ushahidi zaidi. Cheti cha mtoto kinafuatwa na mzazi mwenye kitambulisho. Kwa hiyo mama asiye na kipande anajifungua mtoto ambaye karatasi ya kutoka hospitali inakaa chini ya godoro mpaka panya waimalize. Mtoto huyo akiwa binti, anafika darasa la mtihani wa taifa anaitishwa cheti, anahangaika, wengine wanakatia hapo. Akifika 18 anakuja kwenye hema letu akiwa mikono mitupu kama mama yake. Nina nyumba ambazo jambo hili limekwenda vizazi vitatu, na bibi, mama na binti wote wako hapo hapo ndani.

Msichana mmoja wa nyumba zangu alilelewa na nyanya yake. Msichana akiwa bado mchanga mama yake alifariki, akazikwa kijijini bila cheti cha kifo kufuatwa. Baba hajulikani. Mara ya kwanza tulipofika mezani, karani aliyekuwapo siku hiyo alimwambia, "Lete kitambulisho cha baba." Msichana akasema hana baba. "Kila mtu ana baba. Nenda ukaulize." Akainuka kitini machozi yakimlengalenga, na watu wote waliokuwa kwenye laini walisikia. Nilihisi uchungu ambao siwezi kuuandika.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Mama au baba. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupata hati za usajili na utambulisho. Maneno hayo nimeyanakili kwenye daftari langu la kazi, ukurasa wa mbele, na nimeyasoma kwa sauti kwenye hema lile zaidi ya mara moja, kwa heshima, bila kugombana na mtu. Nimejifunza kwamba ukisoma kifungu, afisa mwingi hutulia, akamwita mkubwa wake. Hivyo ndivyo alivyokuja kusaidiwa yule msichana. Siku nyingine ya usajili tulimkuta afisa mwenye umri mkubwa zaidi, akamketisha nyanya kando, akamsikiliza tangu mwanzo. Akachukua kitambulisho cha nyanya, kadi ya ubatizo, barua ya shule ya msingi, na maelezo ya mzee wa mtaa. Akamwelekeza nyanya afanye hati ya kiapo. Safari haikuisha siku hiyo, ila mlango ulifunguka. Afisa huyo alitumia sheria ile ile, fomu zile zile, na hema lile lile lililokuwa limemrudisha binti. Ndiyo maana naamini jambo hili linarekebishika bila kusubiri Bunge. Wanaoketi mezani wote wapewe maelekezo ya aina moja kuhusu yatima na kuhusu watoto waliolelewa na mama peke yake.

Wako na wengine ambao cheti cha kuzaliwa wanacho, lakini nafasi ya baba imejazwa alama za X. Hao walisajiliwa zamani, sheria ilipokuwa inazuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto wa nje ya ndoa isipokuwa wazazi wote wawili waombe pamoja au kuwe na ushahidi wa ndoa. Mahakama Kuu iliiondoa sheria hiyo mwaka 2016. Vyeti vya zamani bado viko mikononi mwa watu. Cheti chenye X ni cheti halali, na mwenye nacho asikubali kurudishwa kwa sababu hiyo.

Halafu kuna swali la bwana. "Mama, kitambulisho cha mzee kiko wapi?" Anaulizwa mwanamke wa miaka 26 ambaye wazazi wake wako hai, ambaye cheti anacho, aliyekuja kuomba kitambulisho kwa jina alilopewa na wazazi hao. Anaulizwa kwa sababu tu amebeba mtoto mgongoni. Sheria haimlazimishi mwanamke kubeba jina la mumewe. Kama anataka jina la mume liingizwe, hapo sawa, ushahidi wa ndoa utahitajika. Kama hataki, mume anaingiaje? Ninao wanawake ambao mume hakutaka wapate kitambulisho, kwa sababu anajua mke akipata laini yake mwenyewe ataanza kuweka pesa zake mwenyewe. Kumwitisha mwanamke wa namna hiyo karatasi ya mume ni kumpa mume ufunguo wa mlango. Sijawahi kusikia mwanamume akiulizwa cha mkewe. Wakuu wa usajili wakiweza kusahihisha jambo moja tu katika hema hili, naomba liwe swali hilo.

Jambo jingine ambalo huenda maafisa hawakulitarajia ni vidole vya mama fua. Mikono inayoshinda ndani ya maji ya sabuni na jiki miaka kumi hulainika ncha za vidole mpaka mistari inafifia. Mashine inakataa. Unabonyeza, inakataa, unafuta, unabonyeza tena, inakataa, na nyuma yako laini inaanza kunung'unika. Niliona karani akimpaka mama mafuta kidogo kwenye ncha za vidole, akasubiri, akajaribu tena taratibu kidole kimoja kimoja mpaka vikakubali. Tangu siku hiyo nawaambia akina mama zangu wapumzike kufua siku mbili tatu kabla ya usajili kama wanaweza, na wajipake mafuta mikononi usiku. Wapishi wa chapati na wanaoponda kokoto wana shida hiyo hiyo. Ningependa kila dawati liwe na chupa ya mafuta mezani pamoja na subira ya karani yule.

Mashosho nao wana habari yao. Kipande kilianza enzi za mkoloni kwa wanaume Waafrika, kuwabana kwenye kazi za Wazungu, na hata baada ya uhuru sheria iliendelea kusajili wanaume peke yao. Wanawake waliingizwa mwaka 1978. Shosho wa miaka 75 leo alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, kabla serikali haijamhesabu kuwa mtu wa kuandikishwa. Wengi walikwenda wakachukua. Wengine walikuwa mashambani, bwana akawaambia cha kwake kinatosha. Leo bwana amefariki, na shosho akisikia kwamba walio na miaka 70 na zaidi hupata shilingi 2,000 kwa mwezi kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za wazee, anaambiwa hawezi kuingizwa bila kitambulisho. Hana cheti, wazazi walishakufa, na mwaka wa kuzaliwa anaukadiria kwa njaa na mvua. Njia ipo, ni kupimwa umri na daktari wa hospitali ya serikali na kupewa barua. Lakini daktari hayuko hemani. Shosho anatumwa hospitali, anapanga laini nyingine, na miguu hiyo. Nimewasukuma wawili watatu kwa kiti cha magurudumu cha kuazima. Kwa kuwa zahanati iko karibu na uwanja, sioni kwa nini siku ya usajili isiwe pia siku ya kupima umri.

Hapo ndipo naona tofauti kubwa kati ya siku na siku. Kuna siku afisa wa usajili wa vizazi alikuja na kuketi meza ya pili, anapokea maombi ya vyeti vya kuzaliwa papo hapo. Siku hiyo hema lilikuwa kitu kingine kabisa. Mama asiye na cheti alianza meza ya vizazi, chifu akathibitisha meza ya kati, na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya watakaopigwa picha cheti kikitoka. Watoto wake nao waliingizwa. Siku ambazo meza hiyo haipo, wanawake walio wengi kati ya wale ninaowaleta mimi hurudi nyumbani na orodha ya vitu vya kutafuta, na wengi hawarudi tena. Dawati la vitambulisho likija peke yake linamsaidia msichana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye wazazi wawili na faili ya plastiki. Huyo hata bila hema angefika. Ningelipatia nyota ya tano siku meza ya vizazi na daktari wa umri watakapokuwa sehemu ya kila siku ya usajili, bila kubahatisha.

Waliopoteza vitambulisho nao husukumana hapo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalibeba nyumba nzima nzima kando ya mto, kwetu na Mathare, na karatasi zikaenda na maji. Waliobomolewa nyumba Mukuru Kwa Njenga mwaka 2021 pia, na wale wa moto, maana moto hapa hauishi. Kwa hao dawati linapokea maombi, lakini utahitaji abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti kupotea, na uwe tayari kwa ada. Ushauri wangu ni mmoja: piga picha ya kitambulisho chako kwa simu ya mtu unayemwamini, mbele na nyuma. Nambari ikijulikana, mengi hurahisika.

Baada ya picha na vidole unapewa karatasi ya kungojea. Itunze. Kwenye nyumba zangu nimeomba kila mama aiweke ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto, kwa sababu hicho hakipotei. Kadi zenyewe hutengenezwa kwenye ofisi kuu na kurudishwa mahali ulipojisajilia. Siku hizi ni zile mpya za Maisha, zenye chipu, na muda wake ni miaka kumi. Kungoja kunachosha, lakini kinachonisumbua zaidi ni kadi zinazofika zikalala. Serikali imelalamika mara nyingi kwamba vitambulisho vingi vimekaa ofisini bila wenyewe, na kuna wanaosema watu ni wavivu. Mwanamke asiye na kitambulisho hana simu yake. Ameandikisha nambari ya jirani, jirani amehama. Mwenyewe naye amehama, kwa sababu kodi ya nyumba imepanda au mwenye nyumba amebomoa. Naomba orodha ya kadi zilizofika ibandikwe kwenye ukuta wa chifu na kwenye kliniki ya watoto, au wapewe wahudumu wa afya. Sisi tunajua waliohamia wapi. Kadi kadhaa nimezipeleka habari zake mimi mwenyewe mpaka Kayole.

Mwenzangu anayefanya kazi kama yangu Kibera, upande wa Makina, ananiambia kwao kuna jambo la zaidi. Wanubi wamekaa pale zaidi ya miaka mia, na kwa muda mrefu kijana wao akiomba kitambulisho alipitishwa kwanza mbele ya kamati ya kuhoji ukoo wake, jambo ambalo halikumpata binti wa Kisii wala wa Murang'a. Kesi yao ilifika mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoamua mwaka 2015 kwamba walitendewa isivyo haki. Wasaidizi wa sheria wa Nubian Rights Forum wamekuwa wakiwasindikiza watu ofisini, karatasi kwa karatasi, na mwenzangu anasema mwanamke akienda na msaidizi hasumbuliwi kama anapokwenda peke yake. Hilo nalikubali kabisa. Hata hapa kwetu anayekwenda na mtu anayejua utaratibu husikilizwa haraka. Kwa hiyo kama wewe ni mwalimu, mhudumu wa afya, kiongozi wa chama au wa kanisa, chukua asubuhi moja uende na mtu.

Na Huduma Centre, vile vituo vya serikali vya huduma zote mahali pamoja, je? Ile ya kwanza ilifunguliwa GPO, posta kuu ya mjini, mwaka 2013, na kwetu iliyo karibu ni Makadara. Ni safi, foleni ina nambari, na karatasi zako zikiwa kamili utahudumiwa vizuri. Kwa mwanamke ninayemwandikia haya ina ugumu wake: nauli, siku ya kazi inayopotea, mtoto wa kubeba, na ile aibu ya kuingia jengo la mjini ukiwa na viatu vya mpira. Barua ya chifu nayo lazima uwe umeshaipata. Tena mlinzi wa jengo lolote la mjini, kabla hujapita, anakuomba kitambulisho.

Ukija uwanjani, beba cheti chako cha kuzaliwa, au kama huna, kila karatasi yenye jina lako tangu utotoni: kadi ya chanjo, ya ubatizo, barua ya shule. Beba kitambulisho halisi cha mama au cha baba na nakala zake. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, na kama hicho hakipo, njoo na ndugu wa damu mwenye kitambulisho pamoja na mzee wa mtaa anayekujua. Andikisha nambari ya simu ya mtu ambaye hatahama mwezi ujao. Fika mapema, kabla ya saa mbili, kwa sababu mchana mashine ikipata moto au stima ikipotea, wa nyuma huambiwa warudi siku nyingine. Wanaotaka kubadilisha majina au kuingiza jina la mume, na wenye haraka ya kilichopotea, wasipoteze asubuhi hapo. Waende Makadara moja kwa moja.